Mzee Uliyemkuta Njiani

Ndugu msomaji, tuseme leo ni siku ya soko. Umeshuka Kadutu, katika mji wa Bukavu, kununua sombe na samaki. Mvua ilinyesha usiku, na njia ya mteremko imejaa utelezi. Watu wanasukumana. Pikipiki zinapita huku na huku zikipiga honi. Mbele yako amesimama mama mzee. Mkono mmoja umeshika fimbo, mkono wa pili umeshika kikapu. Anatazama ng'ambo ya njia. Anaweka mguu mmoja mbele, kisha anaurudisha. Anangoja. Anauweka tena, anaurudisha tena.

Humjui mama huyu. Hakukuzaa, wala si jirani wa mama yako. Labda hata lugha ya kwao huisikii. Watu wengi wamekwisha kumpita. Je, wewe utafanya nini?

Labda utasema moyoni, "Huyu ana watoto wake, na waje kumsaidia." Ni kweli, labda anao. Lakini watoto wake hawapo hapa. Hapa upo wewe.

Wengine watauliza, "Jambo hili ni la adabu. Mbona limeandikwa katika kitabu cha afya?" Tunajibu hivi: limeandikwa humu kwa sababu linaokoa maisha, kama vile maji yaliyochemshwa na chandarua vinavyookoa maisha. Shirika la Afya la Dunia limehesabu kwamba kila mwaka watu karibu 684,000 wanakufa duniani kwa sababu ya kuanguka tu. Wanaokufa zaidi ni wale waliopita miaka 60. Tena zaidi ya watu 80 katika kila 100 wa hesabu ile ni wa nchi zisizo tajiri, kama yetu. Basi mkono wako kwa mama yule wa Kadutu ni dawa. Lakini kila dawa ina namna yake ya kutumiwa, na hiyo ndiyo tunataka kukufundisha.

KWA NINI MZEE ANAKWENDA POLEPOLE?

Vijana wengi hukasirika wakimkuta mzee mbele yao njiani. Wanadhani anachelewa kwa kupenda. Sivyo. Tazama mambo yaliyobadilika katika mwili wake.

Macho. Ndani ya jicho mna kitu safi kama kioo ambacho mwanga hupita ndani yake. Kwa wazee wengi kioo hiki huingia ukungu. Ugonjwa huu tunauita mtoto wa jicho. Mzee mwenye ugonjwa huu haoni vema shimo wala ngazi, na jua kali humzuia kuona kabisa. Mtoto wa jicho hautoki kwa dawa za kudondosha, lakini daktari wa macho anaweza kuuondoa kwa kupasua, na wengi huona tena.

Masikio. Sikio la mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba. Kwa hiyo honi au kengele inaweza kumfikia imechelewa, au isimfikie kabisa. Mtu anayempigia kelele, "Ondoka, mzee!" hajui kwamba mzee hakusikia.

Damu. Mtu mzima akisimama kwa haraka, damu hushuka miguuni, na mwili wa kijana huirudisha juu mara moja. Mwili wa mzee huchelewa. Kwa hiyo akiinuka upesi huona kizunguzungu, naye anaweza kuanguka.

Mifupa na nyama. Nguvu za mapaja hupungua, na mifupa hupoteza uzito wake, zaidi kwa wanawake waliokwisha kuacha kwenda mwezini. Kijana akiteleza anajipangusa matope na kucheka. Mzee akiteleza vilevile anaweza kuvunjika mfupa wa nyonga.

Basi ukimwona mzee anakwenda polepole, ujue anafanya kazi kubwa. Kila hatua anaifikiri. Usimharakishe.

KWANZA SALAMU, HALAFU MKONO

Kosa la kwanza la watu wema ni haraka. Wanamwona mzee ana mzigo, wanaunyakua. Wanamwona anataka kuvuka, wanamvuta mkono. Lakini mzee hakujui. Mtu akimnyakua kikapu kwa ghafula, atadhani ni mwizi, tena ana haki ya kudhani hivyo. Mtu akimvuta mkono, anaweza kumwangusha yeye mwenyewe aliyetaka kumsaidia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwendee kwa mbele, si kwa nyuma, akuone uso. Msalimu: "Jambo, mama." Au kama watu wa mahali pale wanawaita wazee koko, mwite koko. Jina la heshima humtuliza kuliko maneno mengi. Kisha mwulize: "Mama, unataka kuvuka? Nikupe mkono?" Halafu ngoja jibu.

Akikataa, usikasirike. Mzee si mtoto. Amelea watoto, amelima mashamba, amezika watu wake, naye anajua nguvu zake. Sema, "Vema, mama, mimi nipo hapa karibu," nawe simama kidogo. Mara nyingi, akiona humlazimishi, atakuita mwenyewe.

Kama hasikii vema, usipige kelele sikioni mwake. Kelele huharibu maneno. Simama mahali penye mwanga ili aone midomo yako, punguza mwendo wa maneno, na utumie sauti nzito kidogo. Kama amefuatana na mjukuu, usiseme na mjukuu tu, ukiuliza, "Huyu anataka nini?" Sema na mzee mwenyewe.

NAMNA YA KUMVUSHA

Usimshike wewe; yeye na akushike. Mpe mkono wako, naye ashike juu ya kiwiko chako. Hivyo anaweza kuacha akitaka, tena anasikia mwendo wa mwili wako. Kama ana fimbo, simama upande usio na fimbo. Kama haoni, tangulia nusu ya hatua, ukimwambia yaliyo mbele: "Hapa pana mfereji. Hapa tunapanda. Hapa pana matope."

Nyoosha mkono wako wa pili kuwazuia waendesha pikipiki. Wengi wao watasimama, maana nao wana mama zao. Nenda kwa mwendo wa mzee mpaka ng'ambo. Usimwache katikati, wala usimwache ukingoni penye utelezi. Mfikishe mahali pakavu, na umrudishie kikapu chake mkononi. Kama ulimchukulia mzigo, uwe mbele ya macho yake wakati wote, ili moyo wake utulie.

Nawe unayeendesha pikipiki, sikia neno hili. Mzee akipanda nyuma yako, zima kwanza mashine. Mwache akae vema, aweke miguu mahali pake. Nenda polepole penye mashimo. Ukifika, usimwambie aruke. Shuka wewe kwanza, umpe bega lako.

NDANI YA BASI, MELINI, NA PENYE MSTARI WA HOSPITALI

Ndani ya basi, mpe mzee kiti kabla hajakiomba. Wazee wengi hawaombi, wanaona haya. Mwambie dereva asiondoke mpaka mzee amekaa, maana wengi huanguka wakati basi linapoanza kwenda. Wakati wa kushuka, mwambie akae kwanza ukingoni mwa kiti, apumue kidogo, kisha ainuke. Ile damu tuliyosema ipate nafasi ya kupanda.

Penye meli za Ziwa Kivu, watu husukumana juu ya ubao wa kupandia kana kwamba meli imekwisha kuondoka. Mzee akiwa katikati yao, yuko hatarini. Simama nyuma yake, uwe ukuta. Waambie walio nyuma, "Pana mzee hapa, tungoje." Neno hilo likisemwa bila ukali hufanya kazi zaidi kuliko matusi.

Penye mstari wa hospitali, mzee asisimame. Mtafutie mahali pa kukaa, umwambie, "Mimi nitakushikia nafasi yako." Ukiona anapumua kwa shida, au anasinzia sana, au midomo yake imebadilika rangi, usingoje zamu yake. Mwite mwuguzi mara moja. Ujue pia kwamba mwili wa mzee mara nyingi hautoi homa kali hata akiwa mgonjwa sana. Usiseme, "Hana moto mwilini, basi hana ugonjwa."

Tena mzee hasikii kiu kama kijana. Anaweza kukauka kwa jua bila kuomba maji. Kwa hiyo mpe kikombe cha maji safi, ikiwa yu macho kabisa na anaweza kumeza. Anayesinzia au asiyejibu usimpe kitu kinywani, maji yasije yakaingia mapafuni.

MZEE AKIANGUKA

Hapa watu hukosea zaidi. Mzee akianguka, wote hukimbia na kumwinua kwa mikono na miguu. Usifanye hivyo! Piga magoti karibu naye. Mwambie, "Usiinuke bado, koko. Tuangalie kwanza." Mwombe mtu mwingine azuie pikipiki na magari, na mwingine amkinge jua au mvua.

Uliza: Unaumwa wapi? Umegonga kichwa? Unaweza kusogeza miguu? Kisha tazama miguu yote miwili. Kama mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko wa pili, na unyayo umegeukia nje, na anaumwa sana penye nyonga, mara nyingi mfupa umevunjika. Usimsimamishe, usimvute mguu, wala usimwite mtu wa kumkanda. Mlaze juu ya ubao au kipoi, weka nguo zilizokunjwa pande zote mbili za mguu usichezecheze, na mpeleke hospitali. Asikae siku nyingi nyumbani, kwa sababu mzee anayelala tu bila kuinuka hupata vidonda vya mgongoni na kichomi, na damu huganda miguuni. Mara nyingi hayo ndiyo yanayomwua, si mfupa wenyewe.

Kama hana maumivu makali na miguu yake inakwenda, mwache ainuke mwenyewe kidogo kidogo. Ageuke kwa ubavu, apige magoti, ashike kiti au jiwe imara, kisha akae. Akae kwa muda kabla ya kusimama. Kama alipigwa kichwa, na baadaye anatapika, au anasinzia kupita kawaida, au anachanganya maneno, apelekwe hospitali siku ile ile. Waambie watu wa nyumbani wamwangalie majuma kadha, maana kwa wazee damu inaweza kuvuja polepole ndani ya kichwa, na dalili zikachelewa.

Usiondoke mpaka umejua nani anakaa naye.

MZEE ALIYEPOTEA

Sasa tumefika kwenye jambo gumu, nawe msomaji usome kwa moyo wako wote.

Tufikiri jambo linaloweza kutokea katika kijiji chochote. Jua limekwisha kushuka. Watu wanamkuta mama mzee amesimama nyuma ya nyumba ya watu wasio jamaa zake. Hana viatu. Kikwembe chake kimefungwa vibaya. Macho yake ni mekundu. Wanamwuliza, "Unatoka wapi?" Anajibu, "Ninakwenda kwa mama yangu." Lakini mtu wa umri ule, mama yake amekufa zamani. Sasa ndani ya nyumba ile mna mtoto mwenye homa tangu juzi. Mtu mmoja anatamka neno moja: "Mchawi!" Wengine wanaanza kuokota mawe.

Msidhani haya ni hadithi ya kutisha watoto. Mwezi wa Septemba 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake kadha waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wao walichomwa moto. Mwaka ule ule, mwezi wa Julai, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio la kukataa mateso yanayofanywa kwa kisingizio cha uchawi. Na Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee.

Basi mama yule alikuwa na nini? Sikia mambo ambayo waganga wa hospitali wanayajua.

Uko ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu polepole. Mwaka 1906 daktari mmoja wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza namna moja ya ugonjwa huu, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Leo watu zaidi ya milioni 55 duniani wana magonjwa ya namna hii. Mgonjwa husahau mambo ya leo, lakini hukumbuka ya utoto. Jioni ikifika anaanza kutafuta nyumba aliyozaliwa. Anapotea njia. Anaingia katika kiwanja cha watu wengine akidhani ni kwao. Anaweza hata kutoka nje bila nguo.

Tena mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa ghafula, kwa siku moja au mbili tu, kwa sababu ya malaria, au kichomi, au ugonjwa wa njia ya mkojo, au kukosa maji, au sukari kupungua katika damu. Huyu anahitaji matibabu upesi, naye anaweza kurudia akili zake zote.

Na macho mekundu? Moshi wa kuni kwa miaka mingi huwasha macho ya mama anayepika. Na homa ya mtoto? Mara nyingi ni malaria, nayo huletwa na mbu, si na mama mzee. Mtoto yule apelekwe dispensari usiku ule ule. Kumpiga mama hakutashusha homa ya mtoto.

Ukiwapo mahali kama pale, ufanye nini? Usitukane watu wala usishindane nao. Mwendee mama, na umsalimu kwa sauti ambayo wote wataisikia: "Jambo, mama yetu. Umechoka. Kaa hapa." Mfunike kitenge. Kaa karibu naye. Watu huona vigumu kumpiga mtu ambaye mwingine amekaa karibu naye na kumwita mama. Mtume kijana upesi amwite chefu wa mtaa, na mwuguzi, na watu wenye kusikilizwa. Usiende peke yako mbele ya watu wenye hasira. Waite wawili watatu wenye moyo kama wako. Kisha ondokeni pamoja na mama, mkamtie ndani ya nyumba yenye mlango mzuri mpaka wakubwa wafike.

Usibishane naye kuhusu mama yake aliyekufa. Umwulize tu, "Mama yako anaitwa nani? Kijiji chenu ni kipi? Karibu na mto gani?" Majina yale ya zamani hayajampotea, na kwa majina yale jamaa zake wanaweza kupatikana. Miaka mingi ya vita mashariki mwa Kongo imewatoa wazee wengi katika vijiji vyao, na wengi wanaishi mahali ambapo hakuna anayewajua. Kwa hiyo usishangae mtu akitaja kijiji cha mbali.

Nawe uliye na mzee wa namna hii nyumbani, mshonee ndani ya nguo kitambaa kidogo chenye jina lake na namba ya simu yenu. Wajulishe majirani mapema: "Baba yetu anasahau njia. Mkimwona, mtuletee." Usimfiche kwa haya. Mzee anayejulikana na majirani hukaa salama.

TURUDI KADUTU

Ndugu msomaji, tulimwacha mama mzee ukingoni mwa njia, na kikapu chake. Kumvusha hakutakupotezea hata dakika tano. Hakutaki fedha, wala cheo, wala masomo makubwa. Umesoma sasa yote unayohitaji: salamu, swali, mkono, na mwendo wa polepole.

Hatakulipa kitu. Labda atasema tu, "Aksanti, mwanangu," kisha atakwenda zake, wala hamtaonana tena. Lakini leo hii, katika mji mwingine, huenda mama yako naye amesimama ukingoni mwa njia. Anaweka mguu mbele, anaurudisha. Na karibu naye amesimama mtu usiyemjua.

MASWALI YA KUJIBU

1. Kwa nini honi inaweza isimsaidie mzee?

2. Kwa nini tusimnyakue mzee mzigo wake?

3. Ukimvusha mzee mwenye fimbo, utasimama upande gani?

4. Dalili gani zinaonyesha kwamba mfupa wa nyonga umevunjika? Utafanya nini, na utakataza nini?

5. Taja magonjwa matatu yanayoweza kumchanganya mzee kwa ghafula.

6. Katika mtaa wenu, ni mzee gani ambaye hana jamaa karibu? Nani atampelekea salamu kesho?